Bakuli Lililokatazwa na Watu Watatu

Tumemzika mama mkwe wangu ng'ambo ya Wasso, na hii ni wiki ya tatu tangu nirudi Karatu. Kwao, Wamasai, jina la aliyekufa halitajwi, kwa hiyo hata hapa sitaliandika. Nitamwita yeyo, yaani mama, kama nilivyomwita miaka yote akiwa hai. Siku ya mazishi wanawake wa boma lile walisimama mmoja mmoja, kila mmoja akataja jambo moja ambalo yeyo alimtendea. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Alinilea kama aliyenizaa," nikakaa chini. Ni kweli, lakini si kweli yote, na ile nusu iliyobaki nimerudi nayo mpaka nyumbani. Nimetafuta madaftari yangu chini ya kitanda, yale makaunta buku ambayo nimekuwa nikiandika tangu nilipomaliza darasa la saba Endabash, nikalipata la mwaka ule wa ujauzito wangu. Kurasa nyingine zina madoa ya siagi. Sijui niyaamini kiasi gani yaliyomo. Mengi niliyaandika nikiwa na njaa, na mwenye njaa si shahidi mzuri, hasa anapomshuhudia mtu anayemnyima chakula. Nitajitahidi nisimwonee. Pale daftari linapomsema vibaya nami leo naona vingine, nitayasema yote mawili.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa na Saitoti, kijana wa Kimasai aliyekuwa dereva wa magari ya watalii, ambaye kwa mwezi mzima alilala nyumbani labda siku saba. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Bura, mjane, Mwiraqw kama mimi. Chumba kilikuwa na kitanda, meza yenye mguu mmoja uliofungwa waya, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa banda la kuku, kwa hiyo siku nzima tulisikia kuku wakisimuliana mambo yao. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye loji moja huko juu, katikati ya mashamba ya kahawa. Mimba ilipofika mwezi wa tatu nikawa natapika kila nikisikia harufu ya mafuta yaliyoganda kwenye sahani, na mpishi mkuu, Mchaga wa Kibosho aitwaye Anselmi, akaniondoa kwenye masinki akaniweka kwenye meza ya kifungua kinywa. Sote tulimwita Shefu. Jiko lile asubuhi nalikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi: nje ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha, huoni hata mti wa kwanza wa kahawa, na ndani taa, mvuke, mikate inatoka, na Josefu mwoka mikate akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili tu, kama kwamba sauti ya kwanza iko chumba kingine.

"Mama Kijacho," Shefu aliniita asubuhi moja, "weka kisu chini. Njoo uone kitu."

Alikuwa na sufuria ya maji yanayotokota polepole, na juu yake bakuli la bati lenye viini vitatu vya mayai na maji ya limau. Pembeni siagi imeyeyushwa. Akashika waya wa kupigia mayai akaanza kuzungusha.

"Hiyo ni keki, Shefu?"

"Keki! Mtoto wa Endabash ananitukana mbele ya watu. Hii ni holandezi. Ukiiharakisha inakatika, siagi inajitenga. Ukiiogopa inakatika. Moto ukizidi, umepata mayai ya kukoroga."

"Sasa ukiifanyaje haikatiki?"

"Unaipenda kidogo kidogo."

"Ndiyo maana mkeo amekukimbia," Josefu akasema toka kwenye tanuri. "Ulimpenda kidogo kidogo."

"Mke wangu yuko Kibosho anakula ndizi, wewe unakula makombo ya mkate wako ulioungua. Zungusha kichwa chako huko."

Mimi sikucheka, nilikuwa natazama. Shuleni mwalimu wa sayansi alitutilia maji na mafuta kwenye chupa ya soda, akatikisa, akaiweka dirishani, na sisi tukaona vile vitu viwili vinavyoachana mpaka kila kimoja kikakaa upande wake. Akasema ndivyo Mungu alivyoviumba. Nami niliamini, kwa sababu niliona kwa macho. Sasa Shefu alikuwa anadondosha siagi tone kwa tone ndani ya kitu cha majimaji, na haikuachana. Iliingia. Ilipotea humo ndani, na kile kilichokuwa chepesi kikaanza kuwa kizito, kikang'aa, kikageuka rangi ya alizeti kabla jua halijaichosha. Nilisogea mpaka tumbo likagusa meza. Shefu akachovya mgongo wa kijiko, akanipa. Sina maneno ya vitabuni. Daftari la siku ile linasema: "Leo nimeonja kitu. Kilikuwa moto na chachu na laini, halafu kikaisha lakini bado kipo. Nimeshindwa kufanya kazi mpaka saa nne." Nimejaribu kuandika vizuri zaidi ya hapo leo, baada ya miaka yote hii ya kupika, nimeshindwa.

Siku hizo hizo nilikwenda kliniki. Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, akatazama kadi yangu, akasema damu yangu ni ndogo, nile mboga, nile maharage, nile nyama iliyoiva. Maziwa nichemshe. Mayai mabichi nisiguse.

"Kuna sosi moja," nikamwambia. "Ya viini vya mayai na siagi."

"Vimeiva?"

"Vimeiva kidogo."

"Kuiva kidogo ndiyo nini? Yai limeiva au halijaiva. Wewe ndiye mpishi, halafu unaniuliza mimi!"

Jioni nikampigia mama yangu. Yeye hakuuliza habari ya kuiva. "Mayai kabisa? Mtoto atazaliwa kichwa kama kibuyu, hata unywele mmoja hana."

"Mama, mbona Pius alizaliwa hana nywele, na wewe hukula mayai?"

Akashusha sauti. Halafu akasema, "Pius nilikula moja."

Tulicheka mpaka salio likaisha. Lakini aliyebaki, yeyo, ndiye mwenye nguvu kuliko hao wawili, na yeye hakuwa na simu. Alikuja mwenyewe, mimba ikiwa mwezi wa sita, kwa basi linalopanda ukingo wa kreta na kushuka nyikani, safari ya siku nzima. Nilimkuta mlangoni kwangu amesimama wima na shuka lake jekundu lililojaa vumbi, kama kwamba hakukaa siku nzima bali alitembea. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitikia, nikainamisha kichwa anibariki. Aliniwekea mkono utosini, lakini macho yake yalikuwa tumboni. Aliniita Nashipai, jina alilonipa siku ya harusi.

"Nashipai, umenenepa."

"Ni mtoto, yeyo."

"Ndiyo. Huyo ndiye ninayesema."

Kuanzia siku ile maziwa yalikwisha. Kwao mwanamke akikaribia kujifungua hali mafuta, hanywi maziwa mazito, hali nyama iliyonona, ili mtoto atoke mdogo na apite vizuri. Na akikosea akala, anapewa maji ya magome machungu atapike. Yeyo aliyafuata yote haya kwa utulivu, bila ukali, na hilo ndilo lililonishinda. Asubuhi alinikorogea uji wa mahindi mwepesi mpaka unaona sura yako ndani. Mchana mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi. Jioni uji tena, na kikombe cha magome ambacho uchungu wake ulikaa nyuma ya ulimi mpaka usingizini. Alinikataza kula kazini, nami nikamwambia kazini nakula ugali na mchicha tu, mkavu. Aliniamini. Kurasa za wiki zile zimejaa maneno ambayo naona haya kuyanakili. Nimemwita mchawi mara mbili. Lakini haki ni haki, na kuna jambo ambalo daftari halikuandika hata mara moja, nami nalikumbuka waziwazi: yeye mwenyewe alikula kile kile. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwao, akampa Mama Bura chote. Uji wangu ulipokuwa mwepesi, na wake ulikuwa mwepesi. Mwanamke wa umri ule, aliyekunywa maziwa maisha yake yote, aliketi kwenye kigoda mkabala nami, akashinda njaa pamoja nami miezi mitatu, na hakusema kwamba anafanya hivyo. Mimi nilidhani Wamasai wazee hawali sana.

Alasiri moja nilikuwa nimelala, dirisha wazi, nikawasikia yeye na Mama Bura wakichambua maharage karibu na banda la kuku. Yeyo Kiswahili chake alikipata minadani, kifupi na kilichonyooka.

"Mama Saitoti," Mama Bura alisema, "mimi sitaki kuingilia ya watu. Lakini mtoto wa mwenzio unamkausha. Jana amepanda ngazi zangu tatu akashika ukuta."

"Hapa kwenu," yeyo akasema, "hospitali iko mlangoni. Mwanamke akishikwa, anavaa viatu, amefika. Kwetu gari linakuja kesho yake. Mtoto mkubwa hasubiri kesho."

"Lakini yeye yuko hapa, hayuko kwenu."

"Leo yuko hapa. Nani anajua siku hiyo atakuwa wapi?" Nikasikia maharage yakidondoka kwenye ungo. "Mtoto unamnenepesha akishatoka. Nje kuna nafasi."

Mama Bura akaupepeta ungo. Nami kitandani nilikasirika kwa sababu nilimwelewa. Saitoti alikuwa ameshanisimulia, kabla hatujaoana, kwamba dada yake mkubwa alifia kwenye uzazi, na kwamba mama yake hazungumzi jambo hilo. Nilijua hilo na bado usiku ule niliandika, "Anataka nife."

Halafu ikafika siku ya mnada. Yeyo hakuweza kusikia habari ya mnada akakaa ndani. Alipenda kutazama ng'ombe hata kama hanunui, kama watu wengine wanavyopenda kutazama mpira. Aliondoka asubuhi na fimbo yake. Mimi nilikuwa na zamu ya mapumziko. Nilikaa kitandani, nikiwaambia kuku kwa sauti kwamba sitafanya, huku nikiwa nimeshaamka. Mama Bura aliniuzia mayai matatu bila kuniuliza kitu, ila alisema, "Haya ni ya leo," kama mtu anayekupa baraka. Siagi nilikuwa nayo, pakiti ndogo, nilikuwa nimeinunua dukani wiki nzima iliyopita na kuificha ndani ya kopo la unga wa kufulia, kwa hiyo mnaweza kuona kwamba sikushikwa na tamaa ya ghafla. Nilikuwa nimepanga.

Nikawasha jiko la mkaa nje ya mlango. Sufuria, bakuli la bati, uma badala ya waya. Niliogopa. Kwa ajili ya yule nesi nilikuwa nimejiahidi kwamba viini vitaiva kweli, si kidogo, kwa hiyo nilizungusha juu ya mvuke muda mrefu kuliko Shefu, nikiliondoa bakuli, nikilirudisha, mpaka vikawa vizito kama uji wa mgonjwa na vya moto kiasi cha kuunguza kidole, bila kushikana. Sijui kama viliiva vya kumridhisha yule nesi. Sikumwita aje kupima. Kisha siagi, tone moja, la pili, la tatu. Mkono uliniuma mpaka begani. Mtoto tumboni akageuka, ukaona gauni linasogea, na tone likaingia, na jingine likaingia, na pale nyuma ya banda la kuku, juu ya jiko lenye mguu uliovunjika, ile rangi ikaja. Sikuwa na Shefu pembeni, sikuwa na bakuli lake wala waya wake. Vitu viwili visivyopatana vilikuwa vimekubaliana mikononi mwangu, mimi wa darasa la saba. Niliacha kupumua. Nilihisi kama niko kanisani wakati kengele imelia na watu wote wameinama, na mimi peke yangu nimeinua macho nikaona.

Nilikula na viazi vitatu vya kuchemsha, nimeketi kizingitini. Bakuli moja lilikuwa limekatazwa na watu watatu ambao hawakuwahi kushauriana, kila mmoja kwa sababu yake na wote kwa kunipenda, na mimi nililipangusa kwa kipande cha mwisho cha kiazi mpaka likalia. Halafu nikaosha uma, nikamwaga majivu, nikatafuna jani la mchaichai. Yeyo aliporudi alinisimulia juu ya fahali mmoja mweupe kutoka upande wa Mang'ola, akaonyesha pembe zake kwa mikono miwili, akacheka kama msichana. Kisha akanikorogea uji. Nikaunywa wote.

Tangu siku hiyo nilikula kila alipotoka. Kazini pia, Shefu alikuwa ananiachia kijiko kwenye ukingo wa sufuria na kutazama pembeni. Siku nyingine ilikatika nikalia. Siku nyingine ilikuwa mayai tu ya kuchemsha na siagi juu. Damu yangu ilipanda, nesi akanisifu, na yeyo alipoona mashavu yangu akasema, "Unaona? Uji unatosha." Sikufurahi. Naandika hivyo ili isionekane kwamba nilifurahi.

Uchungu ulinishika asubuhi, nikavaa viatu, tukafika, kama yeyo alivyosema. Lakini mtoto hakuja. Mchana haukuleta kitu. Yeyo alikaa sakafuni ukutani na hakuondoa macho kwangu, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Nilimwona akihesabu kitu ambacho si masaa. Daktari, msichana wa makamo yangu, akaja akanipima, akasema tunakwenda kupasua, sasa hivi. Jua lililokuwa dirishani nilipopelekwa lilikuwa bado lipo dirisha lile lile nilipoamka na kuambiwa ni binti, Naserian, kilo nne na kidogo. Siku ya pili nilimuuliza daktari polepole kama ni kwa sababu ya chakula. Alikuwa mkweli, namshukuru. "Inaweza kuwa kimechangia," akasema. "Lakini nyonga zako ni nyembamba, na nyonga hazinenepi wala hazikondi. Hata mtoto wa kawaida angekutaabisha. Kwa kweli, dada, sijui. Mko wazima." Nimelitafuna jibu hilo miaka mingi, na kila ninapolipindua linabaki vile vile.

Yeyo aliingia wakati wa kutazama wagonjwa, akamchukua mtoto, akampima mkononi kama anavyopima ndama. Hakutabasamu. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nashipai. Wewe nilikulinda mimi mwenyewe. Uji nilikoroga kwa mkono huu. Maziwa hukunywa."

"Sikunywa, yeyo." Na maziwa kweli sikunywa.

"Na bado amekuja mkubwa hivi."

Akamfunika mtoto, akamfunua, akamfunika tena.

"Msichana wangu yule alilia njaa," akasema. "Mwezi wa mwisho. Alilia kama mtoto mdogo. Mimi nilikuwa mkali kwa watu wote, lakini yule nikamwonea huruma. Jioni moja nikampa kibuyu cha maziwa, kizima. Nikamwambia, kunywa, usimwambie mtu. Baada ya siku nne akashikwa. Mtoto akakwama. Gari likaja kesho yake." Alikuwa anamwambia Naserian, si mimi. "Miaka tisa mimi najua ni yale maziwa. Nilimnenepesha mtoto kwa mkono wangu. Hata baba yake sikumwambia." Kisha akanitazama, na ule uso wa majivu ulikuwa unafunguka taratibu, kitu kinatoka chini kabisa. "Lakini wewe hukunywa hata tone. Na wako ni mkubwa kuliko wa yule. Basi si maziwa. Nashipai, basi si maziwa!"

Akalia. Sijawahi kumwona Mmasai mzee akilia hivyo mbele za watu, shuka mdomoni, mabega yakitikisika, na mtoto mapajani akitikisika naye. Nilifungua mdomo. Mshono ulinivuta, lakini sitasema ni mshono ulionizuia. Daftari lina mstari mmoja tu siku ile: "Yeyo amelia. Sikusema." Siku ya tatu alileta mafuta ya kondoo aliyoyayeyusha kwenye jiko la Mama Bura, kikombe kizima, moto, akanishikia kikombe mpaka mdomoni. "Kunywa. Sasa nje kuna nafasi." Nilikunywa huku machozi yakiingia kwenye mafuta, naye akadhani ni furaha, na pengine ilikuwa.

Naserian alipofikisha miezi minne nilipanda naye basi nikaenda kwao, na njia nzima nilikuwa nimeamua. Tulipita ukingo wa kreta ukungu umekaa kama pamba, halafu ukapasuka, na kule chini kabisa nikaona ardhi na maji na vidoti vya wanyama, nikasema moyoni, mbele ya kitu kikubwa hivi mtu hawezi kubeba uongo. Nitamwambia leo. Nilimkuta ndani ya nyumba yake, moto katikati, wanawake sita au saba wameketi, na miongoni mwao Namelok, mke wa mdogo wake Saitoti, msichana wa miaka kumi na tisa, mimba mwezi wa saba, mikono imekuwa vijiti. Mbele yake kulikuwa na kibuyu cha maziwa ambacho hajakigusa. Mke mwenza wa yeyo, bibi aliyemtangulia kuolewa, mrefu na mkavu, alikuwa amekiwekea fimbo yake juu.

"Amefika mwenyewe!" yeyo akasema. Akamnyakua Naserian mgongoni mwangu, akamwinua juu ya moto wote wamwone. "Tazameni. Mama yake alikula uji, uji wa kuonea sura, mimi nikiwa pale. Na ona! Njaa haifanyi mtoto mdogo. Tumewatesa wasichana bure."

"Mjini kuna wapishi," bibi yule akasema bila kuondoa fimbo. "Umejuaje huyu Mmbulu hakuiba?"

Wanawake wakacheka; Mmbulu ndivyo wanavyotuita sisi Wairaqw. Yeyo hakucheka. "Yuko hapo. Mwulizeni mwenyewe. Nashipai, waambie ulikula nini."

Wakanitazama wote, na Namelok akanitazama kuliko wote. Nikisema kweli, fimbo inabaki juu ya kibuyu, msichana yule anamaliza miezi miwili akikauka, na yeyo, mbele ya watu wote, anarudishiwa maziwa ya miaka tisa mkononi mwake. Nisiposema, na kama wao wazee ndio wenye kweli, basi mtoto wa Namelok atakua mkubwa hapa, mahali ambapo gari linakuja kesho yake, na mimi ndiye nitakuwa nimemnywesha. Sikuwa na elimu ya kujua. Aliyekuwa na elimu alikuwa ameniambia hajui.

"Nilikunywa uji wa yeyo," nikasema. "Wote aliokoroga. Na magome nilikunywa." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Lakini nisikilizeni. Mtoto alipokwama, mimi nilipasuliwa kabla jua halijahama dirishani. Nisingekuwa pale, tungekufa wote wawili, uji au si uji. Kwa hiyo Namelok anywe maziwa. Ale. Lakini mwezi wa mwisho ahame hapa, akakae Wasso hospitalini, wanakolala akina mama wanaosubiri kujifungua, karibu na daktari. Asipokwenda Wasso, asinywe."

"Anaweka masharti," bibi yule akasema, "utadhani ng'ombe ni wake."

"Atakwenda," yeyo akasema. "Nitampeleka mimi. Nitalala naye sakafuni."

Bibi akaondoa fimbo, si kwa kukubali, nadhani, bali kama mtu anayesema mtaona wenyewe. Namelok alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Hakunishukuru, alinitazama tu juu ya mdomo wa kibuyu, macho makubwa, na akaanza kunywa, na koo lake likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, mpaka alipomaliza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa juu ya meza ya kupasuliwa.

Niliondoka bila kusema nililokwenda kusema. Nikahesabu wiki. Nilirudi kazini, nikapiga mayai, nikakata matunda, na kila simu ya mtu ilipolia jikoni nilidondosha kitu, mpaka Shefu akaniuliza kama nina mume mwingine. Simu niliyoingoja ilipokuja, ilikuja asubuhi wageni wakiwa mezani, namba nisiyoijua, na yeyo anapiga kelele kama kwamba ananiita kutoka ng'ambo ya bonde, maana hakuiamini simu.

"Mkubwa! Nashipai, mkubwa! Kama ndama! Na amepita mwenyewe, hawakumpasua! Namelok anakula!"

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Nilimsikia akimwambia mtu wa pembeni kwa Kimaa, akicheka, halafu kicheko kikaisha na nikasikia anatembea, anatoka nje, upepo wa Wasso unaingia kwenye simu. Aliposema tena alikuwa hapigi kelele.

"Nashipai."

"Naam, yeyo."

"Yale maziwa hayakumwua."

Sikujua. Hata leo, baada ya kumzika, sijui. Nilikuwa na mikono yenye siagi, na Josefu alikuwa ameacha kuimba ananitazama.

"Hapana, yeyo," nikasema. "Hayakumwua."

Akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, niliisikia yote kutoka Wasso mpaka Karatu, na sikuthubutu kuvuta yangu mpaka yake ilipoisha.